Mita nyingi au kasi ya mbio? Kumwandaa mwogeleaji chipukizi Dar kwa saa tano za bwawa kwa wiki

Klabu nyingi za kuogelea Dar es Salaam zinategemea bwawa la shule, la mita 25, linalopatikana masomo yakishaisha. Saa moja na nusu ikikatika, kundi jingine limeshasimama ukingoni na mataulo mabegani. Ukitoa foleni ya Barabara ya Bagamoyo, radi za masika na wiki za mitihani, mtoto wa miaka 11 hadi 15 anabakiwa na saa nne au tano za maji kwa wiki. Ratiba za Marekani na Australia zinazosambazwa kwenye simu za makocha, za mazoezi mara nane au tisa kwa wiki, hazimhusu. Kocha wa hapa lazima aamue saa tano hizo azijaze nini.

Njia zinazoshindaniwa ni mbili. Ya kwanza ni mita nyingi: mtoto aogelee kwa muda mrefu kwa kasi anayoimudu, moyo na mapafu vijengeke, kasi ije baadaye. Ya pili ni kasi ya mbio: vipande vifupi, kila kimoja kwa mwendo uleule anaoutaka siku ya mashindano, na akishindwa kuushika, seti (mfululizo wa vipande hivyo) inakatwa.

Kila njia inakuja na malezi yake ya akili, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Anayelishwa mita anajifunza kuvumilia, na pia anajifunza kujificha katikati ya kundi. Anayepimwa kila mita 25 anashindwa mbele ya wenzake karibu kila jioni. Huwezi kuchagua ratiba ya maji mwezi Januari halafu ukaanza kufikiria kichwa cha mtoto wiki ya mashindano.

Zilikotoka

Mita nyingi zilipata sifa miaka ya 1970 huko California, hasa kwenye klabu ya Mission Viejo chini ya kocha Mark Schubert. Brian Goodell alitoka huko akashinda dhahabu mbili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mita 400 na mita 1,500 mtindo huru, akiwa na miaka 17. Ziangalie mbio alizoshinda: ni ndefu.

Kasi ya mbio ilienezwa zaidi na Brent Rushall, mwanasayansi wa michezo wa San Diego, na mtu anayetajwa sana kuwa zao lake ni Mmarekani Michael Andrew, aliyefundishwa na baba yake. Kwenye Olimpiki ya Tokyo Andrew alikuwa wa nne mita 100 mtindo wa chura na wa nne mita 50 huru, na alipata dhahabu ya timu kwenye mbio za kupokezana mitindo. Lakini fainali ya mita 200 mitindo mchanganyiko, mitindo minne kwa zamu, aliongoza hadi mita 150, kisha akamaliza wa tano. Wapinzani wa njia hii hawachoki kuitaja ile mita 50 ya mwisho. Haki yao.

Utafiti wa David Costill na wenzake uliochapishwa mwaka 1991 ulilinganisha waogeleaji waliofanya mazoezi mara moja kwa siku na waliofanya mara mbili. Walioongezewa mita hawakuwa na kasi zaidi. Lakini hao walikuwa wanaume wa chuo kikuu, waliokwisha kukomaa na kujua kuogelea. Mtoto wa Upanga mwenye miaka 12 ambaye bado anainua kichwa chote akivuta pumzi si mtu wa kupimwa kwa matokeo yao, wala kwa kutetea mita wala kwa kuzipinga.

Seti mbili, mtoto mmoja

Tuchukue binti wa miaka 13. Muda wake bora wa mita 100 huru ni 1:12.00, mita 200 ni 2:42 na mita 400 ni 5:44.

Kwa njia ya mita, kwanza unatafuta kasi yake ya ustahimilivu. Toa muda wa mita 200 kwenye muda wa mita 400, gawa kwa mbili: 344 kutoa 162 ni 182, nusu yake ni sekunde 91. Kwa hiyo mwendo wake ni 1:31 kwa kila mita 100. Seti kuu inakuwa mita 100 mara kumi, anaondoka ukutani kila 1:45. Anapumzika sekunde 14 hivi. Jumla mita 1,000 ndani ya dakika 17 na nusu. Pima tena baada ya wiki sita. Usipime wakati wa mitihani ya muhula, utapata namba ya mtoto aliyelala saa sita usiku.

Kwa njia ya kasi ya mbio, unaivunja mbio yenyewe. Mita 25 za kwanza zina mruko, basi mpe 16.2. Zinabaki sekunde 55.8 kwa mita 75, yaani 18.6 kwa kila 25. Hiyo 18.6 ndiyo kazi ya jioni: mita 25 mara ishirini, anaondoka kila sekunde 40, anapumzika kama sekunde 21. Seti nzima ni mita 500 kwa dakika 13 na sekunde 20. Akikosa muda mara moja, anaruka kipande kimoja apumue, kisha anaendelea. Akikosa mara mbili mfululizo, au mara tatu kwa jumla, seti imeisha. Anatoka kwenye foleni na kuogelea polepole pembeni.

Namba ya kuanzia iwe ya muda alionao. Muda anaoutamani usubiri. Hili ndilo kosa la kwanza na linaua njia yote. Kocha anamwekea 17.5 kwa sababu mzazi anataka 1:08, mtoto anakosa kipande cha nne, cha tano, cha sita, na siku ya pili anaumwa tumbo. Kwa 18.6 atafika kipande cha kumi na mbili au cha kumi na nne kabla ya kukosa mara ya kwanza, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza kufanya kazi. Akimaliza ishirini zote kwenye vipindi vitatu tofauti, punguza sekunde 0.2. Si 0.5.

Kosa la pili liko kwenye saa. Anza kuhesabu kwenye ishara ya kuondoka, simamisha kidole kinapogusa ukuta. Kocha anayesimamisha saa kichwa kinapokaribia anampa mtoto zawadi ya sekunde 0.3 kila safari, na siku ya mashindano wote wawili watashangaa.

Kosa la tatu halionekani kwenye saa kabisa. Hesabu mapigo ya mikono. Binti huyu akiwa mzima anatumia mapigo 18 kwa mita 25. Akifika 21 na bado anapata 18.6, ameanza kupiga maji badala ya kuyashika: kiwiko kinaanguka, mkono unaingia umekata mstari wa kichwa, miguu inatawanyika. Mkate hapohapo japo saa inasema amefaulu. Unafundisha mwili kukumbuka mwendo, na hutaki ukumbuke huo.

Hesabu ya leni, ambayo ndiyo inayoamua

Kwenye karatasi kasi ya mbio inaonekana kama jibu la wazi kwa mji wenye saa chache. Bwawani kuna jambo jingine: watoto wanane kwenye leni moja.

Seti ya mita 100 inawabeba wanane bila shida. Wanaondoka wakiachana sekunde 5, wa mwisho anaondoka sekunde ya 35, na wa kwanza anarudi ukutani baada ya mita 50 kwenye sekunde ya 45. Kuna nafasi. Wakiwa kumi, wa mwisho anaondoka sekunde ya 45 na uso wake unakutana na mkono wa wa kwanza.

Seti ya mita 25 haikubali. Wa nane anaondoka sekunde ya 35, anafika ng'ambo karibu sekunde ya 54, na wa kwanza alitakiwa kuondoka tena sekunde ya 40. Ukuta unajaa vichwa, watoto wanamalizia nusu mita kabla, na namba zote ni za uongo. Wanne ndio mwisho: wa nne anafika sekunde ya 34, wa kwanza ana sekunde sita za kujiweka sawa.

Wapo makocha wanaojaribu mawimbi mawili, wanne wakiogelea wanne wakisubiri. Hiyo inabadilisha mapumziko kutoka sekunde 21 hadi dakika nzima, na sasa ni zoezi jingine kabisa. Dawa nzuri zaidi ni kugawa kundi: wanne ndani ya maji kwa dakika 13, wanne nje, kila aliye nje akiwa na saa na mtoto wake mmoja wa kumpima. Kisha wanabadilishana. Mita 25 kwa sekunde 18.6 ni mwendo wa mtu mzima anayewahi daladala bila kukimbia, kwa hiyo mpimaji anatembea ukingoni sambamba na mwenzake, anafika naye, anasoma namba. Kukimbia ni marufuku, sakafu imelowa. Na kuna faida ambayo haikupangwa: mtoto aliyetembea sambamba na mwendo wa 18.6 mara ishirini anaujua kwa miguu yake kabla ya kuingia majini.

Ukutani mazungumzo yawe mafupi hivi:

"Ngapi?"

"Kumi na tisa nukta moja."

"Nimekosa?"

"Umekosa. Ruka moja. Ukirudi, toka ukutani kwa nguvu, mateke manne."

Hakuna "jitahidi", hakuna "mbona leo hivi". Namba, amri ya kuruka, kitu kimoja cha kufanya.

Kwa wenye haraka, tofauti kubwa ziko hapa:

| | Mita nyingi | Kasi ya mbio |
|---|---|---|
| Watoto kwa leni ya mita 25 | hadi 8 | 4 |
| Kupima muda | saa ya ukutani inatosha | mpimaji mmoja kwa kila mtoto |
| Seti kuu | mita 1,000 hadi 2,000 | mita 300 hadi 600 |
| Mbio zinazonufaika zaidi | 400 na 800, kisha 200 | 50 na 100, kisha 200 |
| Kinachoharibika kwanza | bega na umbo la pigo | hamu ya mtoto |
| Ujanja wa watoto | kula mita (kuruka safari), kuvuta kamba ya leni | kuondoka kabla ya ishara |

Kuhusu bega, piga hesabu ya binti yuleyule. Kipindi cha mita 3,000 ni safari 120, kila moja mapigo 18: mapigo 2,160, nusu yake kila bega. Mara nne kwa wiki. Bega linalouma mbele mkono ukiinuliwa, au mtoto anayeanza kuvuta pumzi upande mmoja tu wakati zamani alivuta pande zote, ni dalili ya kupunguza leo. Vibao vya mikononi viondolewe kwanza. Kuweka barafu na kuendelea na seti ileile si matibabu.

Hali ya hewa nayo ina kura

Kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani, zinataka maji ya mashindano yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Bwawa la wazi la Masaki au Mbezi mwezi Januari na Februari, saa kumi alasiri, hupita nyuzi 30 kirahisi. Maji ya namna hiyo hayapoozi mwili. Seti ndefu ya dakika 20 inampandisha mtoto joto, uso unakuwa mwekundu, mapigo ya moyo yanapanda bila kasi kuongezeka, na kwa kuwa amelowa hajui kama anatoka jasho. Miezi hiyo kasi ya mbio inafaa zaidi, au mita zihamie alfajiri. Chupa ya maji iwe ukingoni, kila mtoto na yake, na anywe kila baada ya seti hata akisema hana kiu.

Kipupwe kinageuza meza. Juni na Julai asubuhi, upepo wa kusi ukivuma, ni mtoto mwembamba anayesimama ukingoni akisubiri zamu ndiye anayetetemeka. Hapo seti za mwendo mrefu zinampa joto, na vipimo vya kasi vifanywe mwanzoni, mara tu baada ya kupasha mwili.

Masika yanakata vipindi bila kuomba ruhusa. Radi ikisikika wote watoke majini, na warudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, hata kama jua limeshatoka na watoto wanalalamika. Siku kama hiyo ikibaki nusu saa, mita hazina maana. Pasha mwili mita 300, fanya seti moja ya kasi, funga.

Mwezi wa Ramadhani wengi wa watoto wetu wanafunga, na wapo wasiotaka kabisa kuingia majini mchana kwa kuhofia kumeza maji. Kipindi kikiwezekana kuhamia baada ya futari, hamisha. Kisipowezekana, wanaokubali kuingia majini wafanye kazi ya kuruka na kugeuka, wengine mazoezi ya nchi kavu, na kipimo cha kasi kisubiri Idi ipite. Namba za mtoto aliyefunga tangu alfajiri hazikuelezi chochote kuhusu maandalizi yake.

Umri

Chini ya miaka 11, ugomvi huu wote uache. Anahitaji kujifunza kulala mlalo juu ya maji, kugeuka, na mitindo yote minne. Mita 1,200 hadi 2,000 zenye vituo vingi vya kurekebisha zinatosha, na sprinti chache za mita 15 kwa furaha.

Kati ya 11 na 15 kuna mtego wa kukua ghafla. Wasichana hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana karibu na 14. Mikono inaongezeka urefu kabla mwili haujajua kuitumia, na mtoto aliyekuwa anafaulu vipande 15 anaanza kukosa kwenye cha sita. Mzazi anasema amekuwa mvivu kwa sababu ya simu. Mpime urefu ukutani kila mwezi, kwa penseli. Akiongezeka sentimita 2 ndani ya miezi mitatu, jua chanzo. Weka kasi ya mbio kando kwa wiki kadhaa, mpe mita za wastani na kazi ya umbo la pigo, kisha uanze upya na muda mpya. Kumwacha akipimwa na namba ya mwili wa zamani ni kumfundisha kwamba hafai.

Kichwani: namba au kazi?

Upande wa akili nao una njia mbili zinazogombana. Moja inampa mtoto namba ya kuwinda: "Leo 1:12." Nyingine inampa kazi ya kufanya na kuificha namba.

Namba inafanya kazi mazoezini, ambapo atapata nafasi ishirini. Siku ya mashindano ana nafasi moja, na namba haimwambii mkono uende wapi. Mtoto aliyepanda jukwaani na 1:12 kichwani hugeuza shingo kwenye mita 50 kumtazama wa leni ya jirani. Utaiona kwenye video: kichwa kinainuka, nyonga zinazama, mapigo yanafupika. Aliyeingia na kazi ana la kufanya kila mita 25.

Kwa mita 100 huru maneno manne yanatosha, moja kwa kila urefu: *refu, shika, miguu, ukuta*. Refu ni kunyoosha kila pigo wakati bado ana nguvu za kupapatika. Shika ni kiwiko juu, maji yashikwe mbele. Miguu ni pale mita 75 inapokaribia na mapaja yanaungua, kwa sababu miguu ndiyo inayokata tamaa kwanza. Ukuta ni kuogelea hadi mwisho bila kuvuta pumzi kwenye mapigo mawili ya mwisho. Mtoto achague maneno yake mwenyewe. Ayaseme kwa sauti kwenye seti ya mita 25, kila kipande neno moja kwa mzunguko, wiki tatu kabla ya mashindano. Neno lililosemwa mara ya kwanza jukwaani halina mzizi.

Hapa ndipo njia ya maji na ya kichwa zinapoungana. Kasi ya mbio inampa mtoto mazoezi ya kukosa na kurudi, mara tatu kwa jioni, na huo ni mtaji mkubwa kama lugha ya ukutani imekaa vizuri. Kama kila kukosa kunaleta mguno wa kocha, unamzoesha kuogopa. Mita nyingi hazimletei hali hiyo, kwa hiyo kocha wa mita anapaswa kuitengeneza: mara moja kwa wiki, mwisho wa kipindi, mbio moja ya mita 50 kutoka jukwaani, mtoto mmoja mmoja, wengine wakitazama.

Kuogelea kichwani, yaani kufumba macho na kuipitia mbio nzima, kuanze kwenye miaka 13 hivi. Wadogo zaidi wanacheka au wanalala. Mpe saa. Abonyeze, aipitie mbio kutoka filimbi hadi kugusa ukuta, abonyeze tena. Mara za kwanza atamaliza 1:12 yake kwa sekunde 40, maana anaruka sehemu ngumu. Mwambie aongeze kugeuka mara tatu, kila kugeuka na mateke yake. Akifika ndani ya sekunde 5 za muda halisi, anaogelea kweli. Usiku mara moja kwa siku, dakika tano, wiki mbili.

Na aipitie pia ikiharibika. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, miwani ya Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji kwenye fainali ya mita 200 kipepeo. Alihesabu mapigo hadi ukutani na kushinda kwa rekodi ya dunia, 1:52.03. Mtoto wako anaweza kujifunza sehemu ya hilo kwa kamba tu. Kanuni inataka bendera za mgongo, zinazomwonya anayeogelea chali kwamba ukuta umekaribia, ziwe mita 5 kutoka ukutani, mita 1.8 juu ya maji. Bwawa likikosa, funga kamba kati ya nguzo mbili na uning'inize vipande vya khanga kuukuu. Aogelee mgongo, ahesabu mapigo kutoka khanga hadi ukuta, mara kumi, mpaka namba isibadilike. Kisha afanye hivyo akiwa amechoka, mwisho wa kipindi, kwa sababu namba ya uchovu huongezeka pigo moja.

Onyo moja, na hili halina mjadala. Mazoezi ya pumzi ya kutuliza woga ni kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, dakika mbili, mtoto akiwa amekaa nje ya maji. Kuhema haraka haraka kisha kushindana kukaa chini ya maji ni hatari ya kifo. Kuhema kunapunguza kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo ndiyo inayomwambia mtu apumue. Oksijeni inaisha kabla ya hamu ya kupumua kufika, na mtoto anazimika kimya, hata kwenye maji ya kina cha kiuno. Piga marufuku mchezo huo, hasa zile dakika za mwisho ambazo kocha anakusanya vifaa.

Siku yenyewe

Mashindano yakianza saa tatu asubuhi, chai iwe saa kumi na mbili: uji, mkate, ndizi. Maandazi ya mafuta na chipsi mayai za njiani yasubiri jioni. Katikati ya mbio nusu ndizi na maji kidogo kidogo. Kivuli ni muhimu kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Saa mbili za jua la Dar kwenye kiti cha plastiki zinamaliza seti za wiki mbili.

Kupasha mwili majini mita 600 hadi 800, ndani yake mita 25 mbili kwa ile 18.6 yake na miruko mitatu. Mara nyingi hakuna bwawa la pili la kujiweka tayari, kwa hiyo dakika kumi kabla ya kuitwa azungushe mikono, aruke kamba, mwili upate joto. Kuanza kabla ya ishara ni kuondolewa mara moja, hakuna nafasi ya pili, na mtoto aambiwe hivyo wiki mbili kabla. Asubuhi ya mbio si wakati wa kumkumbusha.

Mzazi akiuliza aseme nini, aseme "Haya mwanangu, nakuona" na akae. Akimaliza, muda wake ausome kocha kwanza.

Uchague ipi

Una leni mbili, watoto wanane, umri 13 na kuendelea, lengo ni mita 50 na 100: chukua kasi ya mbio vipindi vitatu kati ya vinne, na cha nne kiwe cha mita. Mbio hizo ndizo zilizo karibu zaidi na ndoto za watoto wa hapa. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Watanzania wawili waliogelea: Collins Saliboko mita 100 huru na Sophia Latiff mita 50 huru.

Una leni moja na watoto kumi, au huna wa kukusaidia kupima: chukua mita, kwa kasi ya ustahimilivu, na usione aibu. Kasi ya mbio isiyopimwa ni kuchoka tu. Wagawe hata hivyo, wanane majini, wawili wakijifunza kuruka, zamu kwa zamu.

Mtoto anayependa mita 400, au mwenye miaka 11 na 12: mita kwa robo tatu ya muda, huku ukikagua umbo la pigo kila safari ya nne. Mpe seti moja fupi ya kasi kwa wiki, vipande nane au kumi tu, ajue ladha yake.

Ukihama kutoka mita kwenda kasi, wiki mbili za kwanza watoto watasema mazoezi ni mepesi kwa sababu wamezoea kupima kwa uchovu, na wazazi watauliza ada yao inakwenda wapi. Waonyeshe daftari. Ukurasa mmoja kwa mtoto: tarehe, muda uliowekwa, vipande alivyofaulu kabla ya kukosa mara ya kwanza, mapigo ya mikono. Na kama mashindano yajayo yapo kwenye bwawa la mita 50, andika hilo juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Mita 100 ya huko ina kugeuka kumoja badala ya kutatu, muda utarefuka kwa sekunde mbili au zaidi, na mtoto anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kupanda jukwaani.